Geti la ushuru na karatasi ya ubaoni: kisa cha mapato ya kielektroniki katika halmashauri moja ya kanda ya kati

Kuhusu uchambuzi huu

Kisa hiki kilitokea katika halmashauri ya wilaya iliyo kanda ya kati ya Tanzania, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Dodoma mjini. Majina ya halmashauri, kijiji na watu yameondolewa. Vyeo vimeachwa, kwa sababu bila vyeo msomaji hawezi kujua nani alikuwa na mamlaka ya kuamua nini. Viwango vya makusanyo navyo vimeondolewa, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi ya mapato katika ukanda huu anaweza kuitambua halmashauri kwa tarakimu peke yake.

Nimekiandika kwa ajili ya maafisa mapato, maafisa TEHAMA, watendaji na madiwani ambao wameletewa mfumo mpya wa kielektroniki na kuambiwa kwamba utaleta uwazi. Swali ninaloomba walishike wanaposoma ni moja: anayeona ni nani, na anayeonwa ni nani? Katika kisa hiki mfumo ulifanya kila ulichotengenezewa kufanya, na bado kwa msimu mzima wananchi waliokuwa wakilipa ushuru hawakujua zaidi ya walichokijua enzi za vitabu vya karatasi.

Usuli

Sehemu kubwa ya Dodoma na Singida ni nusu ukame. Mvua ni ya msimu mmoja, na wakulima hutegemea mazao yanayovumilia jua: mtama, uwele, karanga, ufuta na zaidi ya yote alizeti, pamoja na ng'ombe na mbuzi wanaouzwa minadani. Halmashauri ya wilaya katika mazingira haya haina viwanda vikubwa wala mahoteli ya kutegemea. Mapato yake ya ndani husimama juu ya ushuru wa mazao, ushuru wa minada, leseni za biashara na vibali vidogo vidogo.

Mapato hayo ni madogo ukiyalinganisha na ruzuku kutoka Serikali Kuu, lakini ndiyo fedha ambayo halmashauri inaweza kuipangia yenyewe. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 10 yake hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Shilingi inayopotea getini kwa hiyo haipotei kwenye vitabu vya wahasibu tu. Inapungua kwenye mkopo wa kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti, na kwenye mabati yanayosubiriwa na wanafunzi wa darasa lililoishia kwenye linta.

Mabadiliko mawili ya sheria ya mwaka 2017 yana uzito katika kisa hiki. La kwanza lilishusha ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. La pili liliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwaka huohuo Serikali ilianza kupitisha malipo yake katika mfumo mmoja wa kielektroniki, GePG, ambapo kila malipo hupewa kumbukumbu namba inayolipiwa benki au kwa simu. Baadaye ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na upande wa serikali za mitaa ukaingia mfumo wa mapato wa TAUSI uliochukua nafasi ya ule uliotangulia.

Kabla ya mashine, ushuru ulikusanywa kwa vitabu vya stakabadhi vinavyojulikana kwa namba ya fomu yake, HW5. Udhaifu wa vitabu ulifahamika kwa kila mtu: nakala halisi aliyopewa mlipaji iliandikwa kiasi kimoja na nakala iliyobaki kitabuni kiasi kingine, na vitabu vizima vilipotea bila maelezo. Mashine za kukusanyia mapato, ambazo getini watu huziita POS, zilikuja kuziba mianya hiyo. Stakabadhi ikishakatwa, mfumo huandika deni kwa jina la mkusanyaji, na deni hilo halifutiki mpaka fedha ipelekwe benki kwa kumbukumbu namba.

Mfululizo wa matukio

*Msimu wa kwanza wa mashine*

Mashine zilipelekwa kwenye mageti ya barabara zinazotoka maeneo ya kilimo na kwenye mnada mkubwa wa mifugo. Miezi ya mwanzo makusanyo yalipanda, na taarifa zilizosomwa kwenye baraza la madiwani zilisifu mageuzi hayo. Mhasibu wa mapato aliweza kukaa ofisini kwake na kuona stakabadhi ikikatwa getini wakati uleule. Kwa mara ya kwanza mkurugenzi alikuwa na jibu la papo hapo kila alipoulizwa na wakubwa wake kwamba leo mmekusanya kiasi gani.

Ilipofika katikati ya mavuno, geti moja lilianza kuwa na saa za ukimya. Lilikuwa kwenye barabara ya vumbi inayotoka vijiji vinavyolima alizeti kwa wingi, mahali ambapo wakati huo wa mwaka malori hupakia hadi usiku wa manane. Kwenye mfumo, stakabadhi zilikuwa zikikatika mfululizo mchana, kisha jioni zinakoma kabisa hadi alfajiri. Wakusanyaji walipoulizwa walijibu kwamba hakuna mtandao, au chaji imeisha.

Majibu yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Geti liko bondeni ambapo mawimbi ya simu hukamatika kwa shida, na chaji ilitegemea sola ya kibanda cha jirani. Lakini mashine hizo zina uwezo wa kuhifadhi stakabadhi zilizokatwa bila mtandao na kuzituma mtandao unaporudi. Kama malori yalipita usiku na stakabadhi zilikatwa, asubuhi mfumo ungepokea rundo la stakabadhi zenye saa za usiku. Hazikuonekana.

Mhasibu aliuona ukimya huo, na kwa haki yake aliuandikia taarifa. Hakuwa na kitu cha kuulinganisha nao. Kioo cha kompyuta hakiwezi kutofautisha saa ambayo hakuna lori lililopita na saa ambayo malori yalipita bila stakabadhi. Maafisa walitumwa kukagua, wakafika mchana, wakakuta kila kitu kiko sawa, wakarudi.

*Swali kwenye mkutano mkuu wa kijiji*

Kwa sheria ya serikali za mitaa za wilaya, mkutano mkuu wa kijiji huwakutanisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kuketi kila baada ya miezi mitatu. Katika kijiji lilipo geti, mkutano ulioitishwa kuzungumzia ujenzi wa shule ulifika kwenye ajenda ya mengineyo, na mama mmoja wa makamo, mkulima wa alizeti, akasimama.

"Mtendaji, mwanangu," alisema, "hapa getini magari yanapita mchana na usiku, sisi tunayaona kwa macho. Tuambie geti hili limeingiza shilingi ngapi tangu mavuno yaanze. Choo cha shule kimetitia tangu masika, na kila tukiuliza tunaambiwa halmashauri haina hela."

Mtendaji wa kijiji, kijana aliyehamia hapo mwaka uliotangulia, alimjibu kwa adabu na kwa ukweli: "Mama yangu, hata mimi sioni. Mfumo unafunguliwa na watu wa mapato kule wilayani." Mwenyekiti wa kijiji akalirudia jibu hilo kwa Kigogo ili wazee walioketi chini ya mbuyu walisikie vizuri. Hakuna aliyeliamini. Kwa wananchi, mtendaji ndiye serikali iliyo mbele yao, na serikali kusema kwamba haijui fedha yake ilisikika kama kukwepa.

Mtendaji aliandika barua wilayani kuomba takwimu za geti lake. Akajibiwa kwamba takwimu hizo ni za matumizi ya ndani.

*Barua ya mwalimu mstaafu*

Kisa kingeweza kuishia hapo, kama vinavyoishia vingi. Kilichokisogeza mbele ni barua ya pili, iliyoandikwa kwa mkono na mwalimu mstaafu wa kijiji hicho chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwalimu hakulalamika wala hakumtuhumu mtu. Aliomba jumla ya makusanyo ya geti kwa kila wiki ya msimu na kiasi kilichofika benki, na akakumbusha kwamba sheria inamtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30.

Barua ya mtendaji ilikuwa imebaki kwenye jalada la mapato. Ya mwalimu ilipaswa kupelekwa kwa mwanasheria wa halmashauri, na hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza. Mweka hazina alipinga kutoa takwimu za wiki kwa sababu hazijakaguliwa: zikija kusahihishwa baadaye, alisema, wananchi watasema tofauti hiyo imeibwa. Hoja hiyo ilikuwa na uzito na haikustahili kupuuzwa. Mwanasheria akajibu kwamba hakuna kifungu kinachozuia kutoa jumla ya ushuru uliolipwa na umma, na kinachotakiwa kulindwa ni taarifa za mtu mmoja mmoja, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imekwisha kuanza kutumika tangu Mei 2023. Kuhusu masahihisho, alipendekeza kila takwimu iandikwe wazi kwamba ni ya awali na tarehe ilipochukuliwa kwenye mfumo.

Maamuzi na sababu zake

Mkurugenzi aliamua kwamba mwalimu ajibiwe, na kwamba badala ya kujibu barua moja moja halmashauri itoe takwimu za mageti yote kwa utaratibu. Sababu aliyoitoa kikaoni ilikuwa ya kiutawala zaidi kuliko ya kisiasa: wakaguzi wake hawawezi kulala getini, lakini wananchi wa pale wanalala pale.

Suala lililofuata lilikuwa njia ya kuzifikisha. Pendekezo la kwanza, kutoka kitengo cha TEHAMA, lilikuwa kuziweka kwenye tovuti ya halmashauri. Jambo hilo lilifanyika mara moja kwa kuwa halikuhitaji fedha. Halikusaidia kijijini. Wenye simu janja walikuwa wachache, bando lilinunuliwa kwa ajili ya kuwasiliana na ndugu, na wengi walikuwa na kitochi. Pendekezo la kutuma ujumbe mfupi kwa kila kaya liliachwa kwa gharama yake na kwa sababu halmashauri haikuwa na orodha ya namba iliyoaminika.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya mchanganyiko. Kila mwisho wa wiki mhasibu alichapa karatasi moja ya kila geti kutoka kwenye mfumo na kuipiga picha; picha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la watendaji wa kata na vijiji; mtendaji akaichapisha kwenye duka la steshenari lililo makao makuu ya kata na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Kila robo mwaka jumla zilisomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu.

Karatasi yenyewe ndiyo iliyobishaniwa zaidi, na naamini ndilo jambo lenye mafunzo mengi kuliko yote katika kisa hiki. Rasimu ya kwanza ilikuwa na tarehe, idadi ya stakabadhi, aina ya mazao, jumla na kiasi kilichopelekwa benki. Mkaguzi wa ndani akaomba iongezwe safu ya saa ambazo mashine ilikuwa kimya kwa zaidi ya saa mbili. Wengine waliona kwamba kufanya hivyo ni kujianika: mfumo ni wa serikali, kwa nini tutangaze kwamba haufanyi kazi? Mkurugenzi aliikubali safu hiyo. Jumla ya makusanyo, hata ikiwa sahihi, mwananchi hana namna ya kuipima, kwa kuwa hajui mizigo yote ya wiki ilikuwa na thamani gani. Saa za ukimya anaweza kuzipima, maana anajua kama usiku ule kijana wake alikuwa anapakia.

Kilichotokea baada ya karatasi kubandikwa

Karatasi ya kwanza ilitoka na kasoro kubwa. Ilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye taarifa ya mfumo bila kuchujwa, ikabeba majina ya wafanyabiashara na namba zao za simu. Mnunuzi mmoja wa ufuta alilalamika, na alikuwa na haki, kwamba kila mtu sasa anajua amepitisha mzigo kiasi gani na lini anatembea na fedha. Karatasi zilibanduliwa siku iliyofuata na safu hizo zikaondolewa kwa kila geti. Onyo la mwanasheria lilikuwa tayari kwenye kumbukumbu za kikao. Halikumfikia mtu aliyebonyeza kitufe cha kuchapa.

Karatasi zilizofuata zilisomwa, na safu ya ukimya ilifanya kazi yake haraka. Vijana wa kupakia mizigo waliitazama usiku mmoja ulioandikwa kimya tangu saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, wakasema usiku huo walipakia Fuso mbili za alizeti na zote zilipita getini. Mama lishe aliyewapikia madereva alikumbuka hivyohivyo. Mwenyekiti wa kitongoji aliyaandika maelezo hayo na kuyapeleka kwa mtendaji wa kata, na mkaguzi wa ndani safari hii akaja usiku. Alikuta kitabu cha zamani cha HW5 ambacho hakikurejeshwa mashine zilipoingia, kikitumika pembeni ya mashine iliyozimwa.

Uchunguzi ulionesha pia jambo ambalo lisingefaa kufichwa. Wakusanyaji walikuwa wa mkataba, na posho zao zilikuwa zimechelewa kwa miezi. Sehemu ya fedha iliyokusanywa ilitumika ikiwa mbichi, kabla ya kufika benki, kununulia mafuta ya pikipiki ya doria na kulipia chaji. Sehemu nyingine hazikuwa na maelezo hayo. Mtu mmoja alisimamishwa na suala lake likapelekwa kwenye mamlaka husika, na halmashauri ikaweka utaratibu wa kulipa posho za getini kila mwezi. Kama ingeishia kwenye kumsimamisha mtu bila kugusa posho, nina hakika kwamba ukimya ungerudi kwa jina la mtu mwingine.

Ugunduzi wa pili haukutarajiwa na yeyote wilayani. Mwalimu mstaafu, akizisoma karatasi kwa makini ya mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, aliona siku zenye stakabadhi nyingi za kiasi kidogo sana. Akauliza kwenye mkutano: mbona watu wanakatiwa ushuru wa gunia 3 au gunia 5? Gunia 3 za alizeti hazifiki hata robo ya tani. Wakulima kadhaa walisimama wakasema ndiyo, walilipishwa walipokuwa wakipeleka mizigo yao wilaya jirani kwa guta ili wakakamue mafuta, ingawa msamaha wa mzigo usiozidi tani moja umekuwapo tangu 2017. Mmoja alitoa kwenye pindo la kanga yake stakabadhi ya mashine iliyokunjwa mara nne. Maandishi yalikuwa yamefifia kwa joto kiasi kwamba kilichosomeka ni nembo na nusu ya tarehe tu, na alieleza kwamba kwa sababu hiyo geti la mbele lilimlipisha tena.

Hapo halmashauri ilijaribiwa kweli, kwa sababu uwazi ulikuwa sasa unaigharimu. Kuziba wizi huongeza mapato, na kila kiongozi hufurahi. Kuacha kutoza wasiostahili kutozwa huyapunguza. Kamati ya fedha, uongozi na mipango ililijadili, na mkurugenzi akatoa waraka kwa mageti yote kwamba mzigo usiozidi tani moja unaovuka mpaka wa halmashauri usitozwe, na kwamba mwenye stakabadhi iliyofifia asidaiwe upya kabla mkusanyaji hajatafuta kumbukumbu ya gari au ya mlipaji kwenye mfumo. Nakala ya waraka ilibandikwa getini kwenye upande unaotazama barabara, ili anayelipa aisome kabla hajalipa.

Matokeo

Katika geti hilo saa za ukimya zilipungua hadi zile zinazoelezeka kwa mtandao, na rundo la stakabadhi za usiku likaanza kuonekana asubuhi kama inavyotakiwa. Makusanyo ya msimu uliofuata yalikuwa makubwa kuliko ya msimu wa kwanza wa mashine, ingawa mavuno ya alizeti nayo yalikuwa mazuri, kwa hiyo si haki kuipa karatasi sifa yote. Choo cha shule kilijengwa. Fedha yake ilitoka kwenye bajeti iliyokwisha kupitishwa, na uhusiano wake na ushuru wa geti ni wa mbali, lakini wanakijiji wanaviunganisha viwili hivyo, na mahudhurio ya mkutano mkuu yaliongezeka.

Katika kijiji chenye mnada utaratibu huohuo ulikufa ndani ya miezi michache. Mtendaji alihamishwa, aliyekuja hakuingizwa kwenye kundi la WhatsApp kwa muda, na hakuna aliyeuliza karatasi iko wapi. Wafugaji wanaouza pale wengi hutoka vijiji vingine na hata wilaya nyingine. Wanafika alfajiri, wanauza, wanaondoka. Ubao wa kijiji hauwahusu, na mkutano mkuu wa kijiji hicho si wao.

Mwaka 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba ulipokaribia, halmashauri ilisitisha kubandika karatasi katika vijiji vyote kwa hofu kwamba zitatumiwa kwenye kampeni. Zilitumiwa hata hivyo, kwa sababu kutokuwapo kwake kukawa hoja ya jukwaani. Baada ya uchaguzi zilirudishwa.

Uchambuzi

Mashine peke yake ilijibu swali la halmashauri: mkusanyaji wetu anatudai au tunamdai? Haikujibu swali la mama aliyesimama mkutanoni. Taarifa ilipanda kutoka getini kwenda wilayani na kutoka wilayani kwenda juu, na kila aliyekuwa juu alimwona aliye chini yake. Mlipaji hakumwona mtu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia kutaja makusanyo ambayo hayakupelekwa benki na mashine zilizokaa muda mrefu bila kuwasiliana na mfumo, na mara nyingi halmashauri hujibu kwa kuongeza usimamizi kutoka juu. Kisa hiki kinaonesha kwamba kuna maarifa ambayo hayapo juu kabisa. Idadi ya malori yaliyopita usiku haimo kwenye mfumo wowote wa serikali. Imo kwenye kumbukumbu za watu wa barabarani, na haiwezi kutumika mpaka watu hao waoneshwe kile ambacho mfumo unadai.

Safu ya ukimya ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na ndiyo iliyokaribia kufutwa. Naiweka mbele ya yote kwa sababu halmashauri nyingine zitakazoiga utaratibu huu zitashawishika kuchapa jumla peke yake, kwa kuwa jumla ni nzuri kuitazama na haimwaibishi mtu. Karatasi yenye jumla tu ingebandikwa, ingesomwa siku ya kwanza, na ingechakaa ubaoni. Takwimu inayomfaa mwananchi ni ile anayoweza kuipinga kwa jambo alilolishuhudia mwenyewe.

Sheria ya mwaka 2016 ilifanya kazi kwa sababu ilikuwapo na kwa sababu mtu mmoja alijua namna ya kuitumia, na nusu hii ya pili inanitia wasiwasi. Mtendaji wa kijiji, mtumishi wa halmashauri, aliomba taarifa ileile akakataliwa. Mwalimu aliomba akapewa. Kijiji kisicho na mwalimu mstaafu wa namna hiyo kingebaki na jibu la kwanza. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na ni vigumu kuona madaraka gani yamepelekwa ikiwa ofisi ya kijiji haiwezi kuona ushuru unaokusanywa hatua chache kutoka mlangoni pake.

Kuhusu taarifa binafsi, kosa lilikuwa la mtiririko wa kazi. Mwanasheria alitoa ushauri sahihi kikaoni, lakini hakuna aliyetengeneza umbo la karatasi ambalo lisingeweza kubeba majina hata mchapaji akisahau. Marekebisho yaliyofanywa baadaye yalikuwa ya aina hiyo: taarifa ya mfumo iliandaliwa upya ili safu hizo zisitoke kabisa.

Upande ulioshindwa zaidi ni mnadani, na sidhani kwamba kilichokosekana ni bidii tu. Utaratibu ulijengwa juu ya dhana kwamba anayelipa ushuru anaishi ushuru unapokusanywa. Kwa wakulima wa alizeti dhana hiyo ilikuwa kweli kwa kiasi kikubwa. Kwa wafugaji haikuwa. Taarifa za mnada zingepaswa kuwafuata kwenye mnada wenyewe, pengine kwa kusomwa kwa kipaza sauti kilekile kinachotangaza ng'ombe waliopotea, kabla ya biashara kuanza. Pendekezo hilo lilitolewa na mfanyabiashara wa mifugo wakati wa tathmini, na halijajaribiwa.

Mambo ambayo bado hayajaamuliwa

Gharama ya kuchapa bado inatoka mfukoni mwa watendaji. Ni ndogo kwa wiki, lakini kwa mtumishi wa ngazi hiyo inakuwa sababu ya kuruka wiki moja, kisha mbili, na bajeti ya halmashauri haijaitengea kifungu.

Kusitishwa kwa karatasi wakati wa uchaguzi kuliamuliwa kwa neno la kikao, bila waraka. Utaratibu wenyewe nao hauna waraka. Uliletwa na mkurugenzi aliyekuwapo na unaweza kuondoka naye. Diwani wa kata hiyo amewasilisha pendekezo kwamba baraza la madiwani lipitishe azimio la kuufanya kuwa wajibu wa ofisi ya mweka hazina, pamoja na safu ya ukimya kutajwa kwa jina ndani ya azimio.

Kijiji kwa upande wake kimepeleka ombi la pili, lililosainiwa na mwenyekiti na mtendaji: ofisi ya kijiji ipewe namna ya kuangalia, bila uwezo wa kubadilisha chochote, makusanyo ya geti lililo ndani ya mipaka yake. Kitengo cha TEHAMA kimejibu kwamba ruhusa ya aina hiyo haitolewi katika ngazi ya halmashauri na kwamba ombi litapelekwa kwa wanaosimamia mfumo. Hadi uchambuzi huu unaandikwa, karatasi ya wiki inaendelea kubandikwa, na ombi hilo linasubiri majibu.